Mgeni Aliyenyweshwa Maziwa: Mtakatifu Charles de Foucauld na Safari Yetu ya Ziwani



Vijana wenzangu, leo ninawaletea maisha ya mtakatifu mmoja wa jangwani, lakini kabla sijafika kwake kuna jambo langu inabidi niliseme.

Mwaka jana vijana wa parokia yetu hapa Mbinga tulishuka ziwani kutembelea kigango kimoja kidogo, mbele ya Liuli, kule ambako lami ya Mbamba Bay umeshaiacha nyuma na gari linatambaa. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya maandalizi, upande wa chakula. Nilijiona nimepanga vizuri kweli: wali na kuku kwenye mahotpoti, maji ya chupa, kila kitu chetu wenyewe. Sababu niliyoitoa kikaoni ni kwamba tusiwasumbue wenyeji. Sababu nyingine, ambayo sikuisema, ni kwamba niliogopa maji na chakula cha kule. Tukala njiani, tukashiba.

Tulipofika, akina mama walikuwa wametupikia ugali wa muhogo na usipa waliovuliwa usiku ule ule. Tukawaambia asanteni, tumeshakula. Tukagawa nguo, sabuni na madaftari, tukaimba, tukapiga picha, tukaaga. Wakati gari linageuza nilimwona mama mmoja anafunika sufuria lake, anajitwika na kurudi nalo nyumbani. Hakusema neno. Picha nilizopiga siku ile nimeshazisahau, ila mgongo wa yule mama bado ninauona.

Mwaka huu nimechaguliwa kuwa mratibu wa safari hiyo hiyo. Nikaandika orodha ndefu ya vitu vya kupeleka, nikampelekea mlezi wetu. Akaisoma, akanirudishia, akasema kabla sijaongeza hata kitu kimoja nikasome habari za Charles de Foucauld, kwa kuwa huyo alifunga safari kwenda kwa watu wa jangwani zaidi ya mara moja, na kila mara alijiandaa kwa namna nyingine. Nimesoma. Nawasimulia.

Kijana aliyekuwa na kila kitu

Charles alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1858, katika familia ya ukoo wa heshima na mali. Kabla hajatimiza miaka sita alikuwa ameshafiwa na mama na baba, yeye na dada yake mdogo Marie. Babu yao mzaa mama, kanali mstaafu, akawalea. Babu alimpenda mno, na wale mliolelewa na babu mnajua: kukataliwa kitu ni nadra.

Akiwa kijana wa sekondari imani ikazimika. Hakugombana na Mungu wala na Kanisa, aliacha tu kuamini, polepole, kama wengi wetu tunavyoacha kusali bila kutangaza. Akaingia chuo cha jeshi cha Saint-Cyr mwaka 1876, kisha shule ya wapanda farasi ya Saumur, ambako alimaliza wa mwisho kati ya wanafunzi 87. Babu alipofariki mwaka 1878, Charles akarithi fedha nyingi, na akaanza kula bata kwelikweli: karamu, mvinyo, wanawake. Alinenepa. Ndugu zake walifika mahali pa kwenda mahakamani ili awekewe msimamizi wa mali, maana ilikuwa inaisha.

Jeshi likampeleka Algeria mwaka 1880. Huko nako akaleta vurugu kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akiishi naye, akaondolewa kazini. Lakini aliposikia wenzake wako vitani, aliomba arudishwe, akarudi, akavumilia kiu na jua pamoja na askari wake. Watu wakashangaa. Kumbe ndani ya yule kijana mvivu kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anangoja kuitwa.

Safari ya kwanza: kwenda kuchukua

Mwaka 1882 aliacha jeshi, akapania kuizunguka Moroko. Wakati ule sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa imefungwa kwa Wazungu Wakristo. Aliyekamatwa humo angeweza kuuawa.

Hapa ndipo nilipofungua daftari langu la uratibu, maana jamaa alijua kupanga. Alikaa Algiers zaidi ya mwaka mzima akijiandaa. Alijifunza Kiarabu na Kiebrania. Alisoma ramani na vitabu vilivyokuwepo. Alitafuta mwenyeji wa kumwongoza, rabi aitwaye Mardochée Aby Serour, mtu aliyeijua njia. Kisha akavaa kama Myahudi maskini, akajipa jina la rabi Joseph Aleman, akaingia Moroko Juni 1883. Alikuwa na kijidaftari kidogo cha kufichwa kiganjani na kipande kifupi cha penseli, akaandika akiwa anatembea, vazi lake likificha mkono. Usiku alipima nyota kwa siri.

Alizunguka miezi kumi na mmoja. Aliporudi alikuwa na ramani za milima, mito na njia ambazo Ulaya haikuwa nazo, na Chama cha Jiografia cha Paris kikampa nishani ya dhahabu mwaka 1885. Safari ilifana.

Lakini angalia ilikuwa safari ya namna gani. Alikwenda amejificha, akachukua alichokitaka, akaondoka. Wenyeji waliomlaza na kumlisha hawakujua wamemlaza nani. Hata hivyo, jambo moja lilimpata ambalo hakulipanga. Aliwaona Waislamu wakisali mbele ya Mungu asiyeonekana, mara tano kwa siku, popote walipo, bila kuona haya. Likamtikisa. Alikwenda kuwapima wao, na akarudi na swali kuhusu nafsi yake.

Kanisani Paris

Swali lile halikumwacha. Alipokuwa Paris akiandika kitabu chake, alianza kuingia makanisani na kukaa humo kwa saa nyingi, akimwomba Mungu asiyemwamini kwamba, kama yupo, ajijulishe kwake. Binamu yake Marie de Bondy, mama mcha Mungu, hakumhubiria. Alimpokea tu nyumbani kwake, akamwacha aone.

Mwishoni mwa Oktoba 1886 Charles alikwenda kanisa la Mtakatifu Augustino kumtafuta padri Huvelin, akitaka afundishwe dini. Padri hakuanza somo. Alimwambia apige magoti na aungame. Akapiga magoti, akaungama, kisha akapewa Komunyo asubuhi ile ile. Alikuwa na miaka 28. Tangu hapo alijua kwamba kama Mungu yupo, yeye hana namna ya kuishi ila kwa ajili yake tu.

Vijana wengi tunataka kumaliza maswali yote ndipo tupige magoti. Charles alipiga magoti na maswali yake yakiwa bado mfukoni.

Safari ya pili: kwenda kutoa

Mwaka 1890 aliingia kwa watawa Watrapisti, kwanza Ufaransa, kisha katika monasteri maskini kule Akbès, Siria. Akaona bado. Alitaka kuishi kama Yesu alivyoishi Nazareti ile miaka ambayo Injili haisimulii, miaka ya kazi za mikono na kutojulikana. Akaruhusiwa kuwaacha Watrapisti, na mwaka 1897 akaenda Nazareti yenyewe, akawa mtumishi wa bustani wa masista Waklara, akilala kwenye kibanda cha zana.

Tarehe 9 Juni 1901 akapata upadri kule Viviers, Ufaransa, akiwa na miaka 42. Akaomba kwenda Sahara, kwa watu aliowaona kuwa mbali kuliko wote. Eneo hilo lilikuwa chini ya Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, wale wale ambao msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo mwaka 1878 kwenda Tabora na maziwa makuu. Kwa hiyo bwana huyu wa jangwani si mgeni kabisa kwetu. Aliongozwa na ndugu wa wale waliobatiza mababu wa wenzetu wa magharibi.

Mwishoni mwa Oktoba 1901 akafika Béni Abbès, karibu na mpaka wa Moroko. Akajenga nyumba ya udongo na kikanisa, na vyumba vidogo kwa ajili ya ndugu watakaokuja kuishi naye. Alitaka kila mtu, Mwislamu, Myahudi au asiye na dini, amwone kuwa ndugu wa wote. Mlangoni kwake walipanga foleni maskini, wasafiri, wagonjwa, askari. Na watumwa.

Hapo tusimame kidogo. Sisi wa upande huu wa ziwa tunajua maana ya neno hilo, kwani misafara ya watumwa iliondoka ng'ambo na pwani ya Nyasa ikielekea Kilwa, na wazee wetu waliikimbia hadi milimani. Charles alipoona utumwa unaendelea mbele ya macho ya serikali ya nchi yake, hakunyamaza. Aliandika barua kwa wakubwa akidai jambo hilo likomeshwe, na kwa fedha alizopewa na ndugu zake akawakomboa watumwa kadhaa.

Kwa hiyo safari hii ya pili ilikuwa njema kuliko ya kwanza. Hakujificha, wala hakuja kuchukua. Alikuja kutoa, na alitoa mpaka akachoka. Lakini vile vyumba vya ndugu vilibaki vitupu. Hakuna aliyekuja.

Safari ya tatu

Mwaka 1904 alianza kusafiri kusini zaidi, akipita na misafara ya askari, akijifunza lugha ya Watuareg na kuanza kutafsiri Injili kwa lugha yao. Mwaka 1905 akakubaliwa na chifu wao, Moussa ag Amastan, akae Tamanrasset, katika milima ya Hoggar. Kilikuwa kijiji cha vibanda kama ishirini. Hapakuwa na kambi ya jeshi wala simu ya maandishi wala Mzungu mwingine. Alifika huko Agosti 1905. Mwezi huo huo, huku kwetu, Vita vya Maji Maji vilipokuwa vimewaka, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa njiani kutoka pwani kwenda Peramiho. Nasema hivyo ili mwone kwamba miaka ile mmisionari aliyekwenda mbali hakuwa na hakika ya kurudi, na kwamba wenyeji wengi walikuwa na sababu ya kumshuku kila mgeni aliyekuja nyuma ya bunduki.

Charles alilijua hilo. Akaona kazi yake si kuhubiri kwa haraka, bali kujulikana na kuaminiwa. Akakaa chini na kujifunza. Kwa miaka kumi na moja alikusanya maneno ya Kituareg, methali zao na mashairi yao, maelfu ya beti, akilipa watu wamwimbie na kumweleza. Kamusi yake ya juzuu nne ilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, na mpaka leo wanaoisoma lugha hiyo wanaitumia.

Lakini jambo lililonishika mimi lilitokea Krismasi ya mwaka 1907.

Kwa sheria ya Kanisa ya wakati ule, padri hakuruhusiwa kuadhimisha Misa peke yake bila Mkristo wa kuitikia. Tamanrasset hapakuwa na Mkristo mwingine. Basi Krismasi ilipita bila Misa. Angeweza kuhama akatafute mahali penye Wakristo, lakini alibaki. Na mwaka ule mvua ilikuwa imegoma muda mrefu. Mbuzi walikauka maziwa, watoto walikonda. Charles akagawa akiba yake ya chakula mpaka ikaisha.

Januari 1908 akaanguka. Hakuweza kutembea wala kusoma, kila akijitikisa pumzi inakata. Akadhani mwisho umefika. Yule aliyekuwa anawalisha wengine sasa hakuwa na cha kutoa, hata neno. Alilala tu.

Watuareg ndio waliomwokoa. Katika ukame ule walizunguka kutafuta kila mbuzi aliyebaki na tone la maziwa, wakakusanya hicho kidogo, ambacho watoto wao wenyewe walikihitaji, wakamletea anywe. Akapona. Na tarehe 31 Januari, akiwa bado dhaifu, zikamfikia habari kwamba Baba Mtakatifu amemruhusu kuadhimisha Misa akiwa peke yake.

Tangu hapo mambo yalibadilika kati yake na wao. Kwa miaka mingi alikuwa amekuja kama mtoaji, mtu mwenye dawa, sindano, unga na ushauri. Mtu wa namna hiyo unamheshimu, unamshukuru, lakini huwezi kuwa rafiki yake sawasawa, kwa sababu hakuhitaji. Siku alipokunywa maziwa yao, alikuwa na deni kwao. Ndipo akawa wa kwao.

Mpaka mwisho

Mwaka 1911 alikaa miezi kadhaa juu ya mlima Assekrem, ambako watu walikuwa wamehamisha mifugo kufuata malisho. Mwaka 1913 alipokwenda Ufaransa alimchukua kijana mmoja wa Kituareg, Ouksem, akamtembeza kwa dada yake na ndugu zake wote, ale nao na kulala kwao. Alitaka kijana huyu naye awe mgeni anayekaribishwa, kama yeye alivyokaribishwa Hoggar.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, vita ile ile iliyofika ziwani kwetu Agosti 1914, meli ya Waingereza ilipoishambulia ya Wajerumani pale Liuli. Jangwani nako makundi yenye silaha yalizunguka. Charles alijenga ngome ndogo Tamanrasset ili wanakijiji wapate pa kukimbilia. Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916 mtu aliyemfahamu, ambaye aliwahi kumsaidia, aligonga mlango akisema analeta barua. Akafungua. Wavamizi wakamkamata, wakamfunga, na katika vurugu kijana mmoja aliyewekwa kumlinda, wa miaka kama kumi na mitano, akampiga risasi. Alikuwa na miaka 58.

Hesabu ya kazi yake siku ile ilikuwa ndogo mno. Aliandika kanuni za shirika, lakini hakupata ndugu hata mmoja wa kudumu naye. Waliobatizwa kwa mkono wake walihesabika. Wiki kadhaa baadaye monstransi yake ndogo ilikutwa imezikwa mchangani.

Mbegu ikaota baadaye. Mwaka 1933 mapadre vijana wakiongozwa na René Voillaume walianza ukingoni mwa Sahara jumuiya iliyokuja kuwa Ndugu Wadogo wa Yesu, na mwaka 1939 wakafuata Dada Wadogo wa Yesu. Leo familia yake ya kiroho imeenea duniani, watawa, mapadre na walei. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.

Orodha mpya

Nilipomaliza kusoma niliitoa ile orodha yangu nikaiangalia. Vitu vya kupeleka vilikuwa vingi. Mahali pa kuandika kile tutakachopokea hapakuwepo.

Nikaenda kikaoni. Niliwaeleza wenzangu habari ya sufuria la yule mama, nikasema kosa la chakula lilikuwa langu. Wengine walinyamaza, wengine wakaniambia ninakuza jambo dogo, mbona wale watu walifurahi kupata nguo. Tulibishana sana, na sitawadanganya kwamba tulikubaliana kila kitu. Lakini tumefika hapa.

Tutakwenda wachache, kumi na wawili badala ya arobaini, kwa sababu wenyeji wa kigango kidogo hawawezi kulaza arobaini, na tutalala kwao usiku mmoja. Kabla ya kukata tarehe tumempigia katekista wa kule kumuuliza wao wanaona siku gani inafaa, maana tunajua mvua za Desemba zinavyoifanya barabara ile, na wao wanajua ziwa linachafuka lini. Tumeuliza pia kama kuna kazi ya kufanya pamoja nao. Akacheka, akasema usipa hawajianiki wenyewe. Tutaanika. Wengi wa majirani zao ni Waanglikana, nao tutakwenda kuwasalimia kama ndugu, si kuwahubiria. Salamu za kwao tumeanza kujifunza, na sisi Wamatengo ulimi unatuponyoka, wanatucheka kwenye simu.

Zawadi tutabeba, kahawa yetu na maharage ya kwenye ngoro, kama mtu anavyobeba akienda kwa shangazi. Mahotpoti yanabaki Mbinga.

Kwa yule mama nimeomba ruhusa kupitia kwa katekista nikamsalimie nyumbani kwake na kumwomba msamaha. Sijui kama atapika tena. Akipika, nitakaa chini, nitanawa na kula. Asipopika, nitaelewa, na nitakuwa nimejifunza njaa kidogo.

Wewe kijana unayesoma, kabla hujafunga safari ya kwenda kwa mgonjwa, kwa yatima, kwa kigango cha mbali au kwa bibi yako kijijini, jiulize maswali haya mawili mbele ya Ekaristi: Je, ninakwenda ili nionekane nimetoa? Je, niko tayari kupokea kwa mikono ya mtu ninayemdhania hana kitu?

Tusali. Ee Yesu wa Nazareti, uliyeomba maji kwa mwanamke Msamaria na ukakaa mezani kwa wenye dhambi, tufundishe kuwa wageni wema. Utuondolee kiburi cha mtoaji. Wabariki wote wanaotupikia hata pale tunapowakataa, na utupe nafasi ya kurudi. Amina.

Mtakatifu Charles de Foucauld, utuombee.